Visanduku 40: kupanga shahada mbili za sayansi na uhandisi Australia

Chukua karatasi ya A4, ilaze kwa upana, uichore upate mistari mitano yenye visanduku vinane vinane. Kompyuta iache kwanza. Tumia penseli, na ufutio uwe karibu, maana utafuta sana. Visanduku hivyo 40 ndiyo miaka yako mitano ya chuo. Karibu kila kosa nililoliona kwa vijana wanaosoma shahada mbili kwa mpigo huku Australia, na langu likiwemo, lingeonekana mapema kwenye karatasi hiyo.

Naandika kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana aliyeko Mwanza au Kisumu, ana matokeo mazuri ya sayansi, na yupo mjomba aliyekubali kumlipia asome nje. Wa pili ni mtoto wa familia za Waswahili wa huku huku, hasa zile zilizotoka Kongo na Burundi kupitia kambini. Anamaliza sekondari Brisbane, Melbourne au Adelaide, na kila jioni baba anamwuliza, "Sasa wewe utakuwa injinia au mwanasayansi?" Kwa mfumo wa huku, kujibu "vyote viwili" si utani. Kwetu Tanzania kwa kawaida unasoma uhandisi miaka minne, au sayansi miaka mitatu, na ukitaka zote mbili unamaliza moja ndipo uombe nyingine. Huku vyuo vingi vinazifunga pamoja tangu siku ya kwanza na kukutoa na vyeti viwili baada ya miaka mitano.

Kwa nini 40

Pale Chuo Kikuu cha Monash, Chuo Kikuu cha New South Wales (UNSW) na Chuo Kikuu cha Sydney, somo moja la kawaida lina krediti 6, mwaka mzima ni krediti 48, na shahada mbili za uhandisi na sayansi zina jumla ya krediti 240. Chuo Kikuu cha Queensland wanahesabu kwa namna yao: somo ni yuniti 2, mwaka yuniti 16, jumla yuniti 80. Gawanya popote unapotaka, jibu ni masomo 40. UNSW walihamia mihula mitatu kwa mwaka kuanzia 2019, lakini masomo ya mwaka yalibaki manane.

Sasa fanya hesabu nyingine. Sayansi peke yake ni miaka mitatu, visanduku 24. Uhandisi peke yake ni miaka minne, visanduku 32. Jumla ni 56, ila wewe unapewa 40. Visanduku 16 vimekwenda wapi?

Vimemezwa. Shahada ya sayansi kwa desturi ina nafasi kubwa ya masomo ya hiari. Monash na Sydney, kwa mfano, fani kuu ni masomo manane tu kati ya yale 24. Ukiunganisha, uhandisi unakwenda kukaa kwenye nafasi za hiari za sayansi, na hisabati na fizikia za mwaka wa kwanza zinahesabiwa pande zote mbili. Hakuna uchawi wala upendeleo hapo, ila yule mwenzako wa sayansi anayesoma Kifaransa Jumanne asubuhi kwa kujifurahisha, wewe nafasi hiyo imeshaliwa.

Ndiyo maana watu wanakosea wakidhani shahada mbili ni mzigo mara mbili. Kila muhula unasoma masomo manne, sawasawa na wa shahada moja. Kinachoongezeka ni masharti. Kuna idara mbili, kila moja na orodha yake ya "huwezi kusoma hili kabla ya lile", na hakuna kati yao inayoitazama orodha ya mwenzake. Hilo ni jukumu lako.

Hatua ya kwanza: chagua jozi, na useme ukweli kwa nini

Kuna jozi za ndugu na jozi za wageni. Ndugu ni kama uhandisi wa kemikali na kemia, uhandisi umeme na fizikia, uhandisi mitambo na hisabati, uhandisi ujenzi na jiolojia, uhandisi tiba na fiziolojia. Hizi zinakula chungu kimoja: hisabati ileile, maabara za jirani, na wakati mwingine mhadhiri wa upande mmoja anamfahamu wa upande wa pili. Wageni ni kama uhandisi ujenzi na saikolojia, ambayo vyuo vingi huiruhusu ndani ya shahada ya sayansi. Inawezekana, lakini kila kisanduku cha saikolojia ni cha saikolojia tu, hakikusaidii kufungua mlango wowote upande wa pili.

Ushauri wangu, na wapo watakaoupinga: kama lengo lako ni kazi ya uhandisi pekee, soma uhandisi pekee, uondoke mwaka mmoja mapema ukaanze kulipwa. Waajiri wengi wa wahandisi hutazama cheti cha uhandisi na kazi za likizo ulizofanya. Shahada ya pili huipita macho tu. Jozi ina faida ya kweli kwa mtu anayetaka utafiti, anayetaka kuingia kwenye eneo ambalo fani mbili zinakutana (betri, vifaa vya hospitali, maji ya ardhini), au ambaye kwa dhati hajui bado moyo wake uko wapi na anataka milango miwili ibaki wazi. Sababu ya tatu si aibu. Ni bora kuliko kuiga jirani.

Kabla ya kuendelea, tazama pia njia ya Chuo Kikuu cha Melbourne. Wao tangu 2008 wanafuata mtindo mwingine: unasoma shahada ya sayansi miaka mitatu, kisha shahada ya uzamili ya uhandisi miaka miwili, ikiwa masomo yako ya sayansi yalielekea uhandisi tangu mwanzo. Miaka ni ileile mitano. Tofauti ni kwamba mwisho wa mwaka wa tatu una cheti mkononi, na unaweza kusimama hapo ukapumua au ukageuza njia. Kwa kijana ambaye ada yake inategemea mjomba mmoja, hilo si jambo dogo.

Hatua ya pili: hakikisha hisabati yako inafungua mlango

Kwa aliyetoka Tanzania, PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndiyo njia iliyonyooka. Wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) aliyesoma BAM, ile hisabati ya msingi, badala ya Advanced ajue mapema kwamba hisabati ndiyo itakayoulizwa kwanza, na huenda akatakiwa kupita mwaka wa matayarisho. Chuo hakikudharau kinaposema hivyo. Wiki ya tatu ya kalkulasi ya chuo inamkuta mtu ambaye hajawahi kuona integresheni kwa undani, na anazama.

Kwa mtoto aliyesoma huku, jambo linaamuliwa mapema kuliko wazazi wanavyodhani: pale anapochagua masomo ya mwaka wa 11. Victoria, somo linaloitwa Mathematical Methods ndiyo funguo, na Specialist Mathematics huwa ni nyongeza inayomfaa sana mhandisi. Mwalimu akimshauri achukue hisabati nyepesi "ili alama zipande", mzazi, nenda shule ukaongee naye. Alama zitapanda, mlango utafungwa.

ATAR, ile namba anayopewa anayemaliza sekondari huku ili aombee chuo, nayo inachanganya wengi. Hiyo si asilimia ya alama, ni nafasi yako ukilinganishwa na rika lako, na ya juu kabisa ni 99.95. Kwa shahada mbili, kiwango kinachotakiwa mara nyingi hufuata ile iliyo ngumu zaidi kati ya mbili. Maombi yanapita kwenye ofisi ya jimbo: VTAC kwa Victoria, ambako unapanga machaguo hadi manane, UAC kwa New South Wales, machaguo matano, QTAC kwa Queensland, sita. Weka shahada mbili juu, uhandisi pekee chini yake, na sayansi pekee chini kabisa, maana vyuo vingi vina njia ya kuhamia kwenye jozi baada ya mwaka wa kwanza ukifanya vizuri. Na kama umefika nchi hii juzi, Kiingereza ni lugha yako ya nne, au familia imepita kwenye shida, jaza fomu ya kufikiriwa: Victoria wanaiita SEAS, New South Wales EAS. Nimeona vijana wakiona haya kuijaza. Fomu hiyo imewekwa kwa ajili yao.

Hatua ya tatu: chora minyororo

Hapa ndipo kazi ilipo, kaa nayo jioni mbili.

Fungua kitabu cha masomo cha chuo, kipo mtandaoni, cha mwaka unaoanza wewe na si cha mwaka mwingine. Sheria zinazokuhusu ni za mwaka ulioingia. Kwa kila somo la lazima andika mambo matatu tu: linataka somo gani kabla yake, linafundishwa muhula upi, na kama linafundishwa kila mwaka. Kisha unganisha kwa mishale.

Tuchukue uhandisi umeme na fizikia. Utaona minyororo mitatu. Wa hisabati unaanza na kalkulasi, unakwenda kwenye kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya mstari, kisha milinganyo tofautishi. Wa umeme unaanza na saketi, unakwenda elektroniki, ishara na mifumo, halafu mifumo ya udhibiti na umeme wa nguvu, hadi mradi wa mwisho. Wa fizikia unaanza na fizikia mbili za mwaka wa kwanza, unapita kwenye kwanta ya mwaka wa pili, unaishia kwenye fizikia ya juu ya mwaka wa tatu.

Ukishachora, utaona kitu ambacho orodha ya chuo haikuoneshi. Ishara na mifumo inataka milinganyo tofautishi. Kwanta inataka milinganyo tofautishi na aljebra ya mstari. Yaani mnyororo wa hisabati ndio shina, na hiyo mingine miwili imening'inia juu yake. Ukifeli kalkulasi ya muhula wa kwanza hujafeli somo moja. Umesimamisha shahada mbili.

Kwa hiyo paka rangi shina lako. Kila jozi ina lake. Kwa uhandisi wa kemikali na kemia, pamoja na hisabati, ni lile somo la urari wa masi na nishati linalofungua thamodinamiki, uhamishaji joto, vinu vya kemikali na hatimaye usanifu wa kiwanda. Masomo ya shina ndiyo unayoyapa saa zako nzuri za asubuhi. Hayo mengine yasome kama watu wengine wanavyosoma.

Halafu lile jambo la muhula. Masomo mengi ya mwaka wa pili kwenda juu hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukilifeli la namna hiyo hupotezi miezi mitano, unapoteza mwaka, kwa sababu linalofuata nalo lina zamu yake. Andika namba 1 au 2 kwenye kona ya kila kisanduku. Ukikuta mnyororo wenye 1, kisha 2, kisha 1, kisha 2, bila hata nafasi moja ya kupumua, ujue hapo hakuna kukeri, yaani kusonga mbele huku umebeba somo ulilofeli.

Na yapo mengine yanayofundishwa mwaka mmoja na kuruka mwaka unaofuata. Hilo ndilo lililonikuta. Nilikuwa nimeliweka somo moja la optiki mwaka wa tano kama mtu anayeweka nyama pembeni ya sahani ale mwisho. Mwaka wa tano ulipofika, halikuwepo. Kwenye ukurasa wake palikuwa na mstari mdogo unaosema hivyo, na ulikuwepo siku zote. Nilibaki muhula mzima wa ziada kwa ajili ya kisanduku kimoja. Nyumbani Tabora niliwaambia ni mambo ya utafiti.

Hatua ya nne: jaza kutoka nyuma

Watu wengi wanaanza kujaza mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza hauna la kupanga, chuo kimeshakupangia. Anza kisanduku cha 40 urudi nyuma.

Mradi wa mwisho wa uhandisi kwa kawaida huchukua mihula miwili mfululizo, na huruhusiwi kuuanza kabla ya kumaliza kiasi fulani cha krediti. Uweke. Kisha somo la usanifu, linalotaka karibu kila kitu kiwe kimekwisha. Kisha masomo ya juu ya fani yako. Ndipo urudi kuweka yanayoyafungulia hayo, hadi ukutane na mwaka wa kwanza. Mfano wangu wa umeme na fizikia, ambao si wa chuo chochote maalumu, ulitoka hivi:

Mwaka 1: hisabati 2, fizikia 2, uhandisi wa pamoja 3, programu za kompyuta 1.
Mwaka 2: hisabati 2, fizikia 2, uhandisi umeme 4.
Mwaka 3: fizikia 3, uhandisi umeme 5.
Mwaka 4: fizikia 3, uhandisi umeme 4, wazi 1.
Mwaka 5: mradi 2, uhandisi umeme 5, wazi 1.

Angalia kwamba fizikia imekwisha mwaka wa nne. Mwaka wa tano kichwa kiko kwenye mradi na kutafuta kazi, usije ukachanganya na maabara ya kwanta. Lakini pia hakuna mwaka, kuanzia wa kwanza hadi wa nne, ambao fizikia imekosekana. Wapo wanaosoma sayansi yote kwanza, "niimalize niachane nayo", wakirudi kwenye saketi wamesahau hata namba changamano zinavyozidishwa.

Vile visanduku viwili vya wazi vinaeleweka vibaya. Watu husema ni akiba ya kufeli. Siyo hasa. Ukifeli somo bado unatakiwa kufaulu masomo 40, kwa hiyo sasa utasoma 41. Ambacho kisanduku cha wazi kinakupa ni nafasi ya kupanga upya: unarudia somo la shina pale palipokuwa pa hiari, kisha lile la hiari unalisoma muhula wa kiangazi, kwa sababu masomo ya hiari ndiyo yanayopatikana kiangazi na yale ya shina mara nyingi hayapatikani. Ndiyo maana usitumie cha wazi mwaka wa kwanza au wa pili. Kiweke nyuma, kikusubiri.

Usisahau ratiba ya wiki. Idara mbili zinapanga vipindi bila kuulizana, na maabara za sayansi zinaweza kula saa tatu au nne za mchana mzima. Chukua ratiba ya mwaka uliopita, huwa haibadiliki sana, ujaribu kama masomo yako manne yanaweza kukaa pamoja bila kugongana.

Hatua ya tano: pelekea karatasi watu wawili, sio mmoja

Peleka kwa mshauri wa masomo wa uhandisi na kwa yule wa sayansi. Wa uhandisi atakuambia upande wa sayansi "sina hakika, waulize wenyewe", na mwenzake vilevile. Usichoke. Wakikukubalia jambo lililo nje ya kitabu, kwa mfano somo moja libadilishwe na lingine, omba jibu kwa baruapepe na ulihifadhi. Neno la ofisini halipo siku mshauri huyo akihama. Na washauri wanahama.

Waulize wote wawili swali hili hili: "Nikitaka kuacha moja ya shahada mwisho wa mwaka wa tatu, nitakuwa nimebakiza nini?" Jibu lao litakuonesha kama mpango wako una mlango wa dharura.

Pesa

Raia, na wenye viza ya kudumu ya kibinadamu, ambayo ndiyo waliyonayo wengi waliokuja kupitia mpango wa wakimbizi, wanaweza kupata nafasi yenye ruzuku ya serikali na mkopo wa HECS-HELP. Mwenye ukaazi wa kudumu wa njia nyingine anapata nafasi yenye ruzuku, lakini mkopo hapati mpaka awe raia, analipa mwenyewe kila muhula. Nimeona familia ikiahirisha maombi ya uraia kwa uzembe tu, ikalipa maelfu.

HECS si bumu, ile pesa ya kujikimu anayopewa mwanafunzi wa Tanzania. Haiji mkononi, haikununulii simu. Inakwenda moja kwa moja chuoni, na unaanza kuirudisha kupitia kodi pale mshahara unapovuka kiwango, ambacho kwa mwaka wa fedha 2025–26 ni dola 67,000. Haina riba ya benki, ila kila tarehe 1 Juni deni linapandishwa kidogo kufuata gharama za maisha au mishahara. Unalipa kwa somo, sio kwa mwaka, kwa hiyo kujua bei ya kila kisanduku kunasaidia. Tangu 2021 masomo ya hisabati yako kundi la bei nafuu, chini ya fizikia, kemia na uhandisi. Kwa mtu anayesita kati ya fani ya hisabati na ya fizikia, si sababu ya kuamua, lakini ni ya kujua.

Tarehe unayopaswa kuiandika ukutani ni siku ya sensa. Kwa vyuo vingi vya mihula miwili huwa 31 Machi na 31 Agosti. Ukiacha somo kabla ya siku hiyo hudaiwi. Ukiacha kesho yake, unadaiwa lote.

Kwa aliyetoka nyumbani kwa viza ya mwanafunzi, ile ya daraja la 500, hesabu ni kali zaidi. Ada ya mgeni ni kubwa mara kadhaa na vyuo huipandisha kila mwaka, kwa hiyo kuzidisha ada ya mwaka wa kwanza mara tano ni kujidanganya. Ombi la viza lenyewe limekuwa dola 2,000 tangu Julai 2025. Kazi inaruhusiwa saa 48 kwa kila wiki mbili chuo kinapokuwa wazi, na likizo hakuna kikomo. Saa hizo zinalipa chakula na chumba, hazilipi ada ya uhandisi. Na cheti chako cha kuandikishwa kina tarehe ya mwisho: ule muhula wangu wa ziada kwa kisanduku kimoja, kwa mgeni maana yake ni ada nyingine, bima nyingine, na ombi jipya la viza. Ufadhili wa Australia Awards ambao watu wengi Afrika wanautaja ni wa uzamili na kozi fupi, usiujengee matumaini ya shahada ya kwanza.

Hatua ya sita: fildi

Vyuo vinadai mafunzo ya kazini kabla ya kukutoa kama mhandisi. UNSW, kwa mfano, wanataka siku zisizopungua 60. Hayo hayana kisanduku kwenye karatasi yako, hufanyika likizo ya kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Februari, na ndiyo maana watu huyasahau. Yaandike pembezoni kwa penseli nyekundu, kati ya mwaka wa tatu na wa nne, au wa nne na wa tano. Nafasi za kampuni kubwa hutangazwa miezi mingi kabla ya kiangazi chenyewe. Ukianza kutafuta Oktoba umechelewa.

Kuna ugomvi hapa. Kiangazi ndicho pia wakati wa kufanya utafiti mdogo kwenye maabara za sayansi, na ndicho cha kurudia somo. Una viangazi vinne tu kati ya mwaka wa kwanza na wa tano. Kimoja cha maabara, kimoja au viwili vya fildi. Kimoja nenda nyumbani ukamwone bibi, nakushauri kwa dhati, kabla ya mwaka wa tatu.

Hatua ya saba: thibitisha kwamba cheti kinatambulika

Fungua orodha ya Engineers Australia, chama cha wahandisi kinachoidhinisha shahada za uhandisi huku, utafute jina kamili la shahada yako ya uhandisi. Unataka ile ya miaka minne yenye neno Honours, iliyoidhinishwa kwa daraja la mhandisi kamili, kwa sababu hiyo ndiyo inayoingia kwenye Mkataba wa Washington wa 1989, ambao nchi wanachama hutambuliana shahada kupitia kwake. Za miaka mitatu zenye jina linalofanana ziko chini ya Mkataba wa Sydney, na hizo ni za wanateknolojia wa uhandisi. Majina yanakaribiana kiasi cha kumpotosha mzazi makini.

Lile neno Honours lisikuchanganye tena upande wa sayansi. Liko ndani ya uhandisi tu. Shahada yako ya sayansi inabaki ya kawaida, na Honours yake ni mwaka mwingine kamili. Kwa bahati nzuri Honours ya uhandisi yenye daraja la juu inaweza kukufikisha kwenye udaktari bila huo mwaka wa ziada, ukichagua mradi wa mwisho unaogusa fani zako zote mbili. Mwambie msimamizi wako mapema kwamba ndicho unachokitaka.

Ukirudi nyumbani, Tanzania utakutana na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa utambuzi wa cheti cha nje, kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kenya ni Engineers Board of Kenya. Maofisa watataka kujua ulisoma nini hasa ndani ya somo lenye jina fupi kama "Mifumo 3". Kwa hiyo kila muhula, kabla matokeo hayajatoka, pakua maelezo kamili ya kila somo, yenye mada, saa za maabara na namna ya kupimwa, uyape jina kwa mwaka na namba ya somo, uhifadhi mahali pawili, na pasiwe kwenye akaunti ya chuo, maana hiyo inaweza kufungwa ukishahitimu. Rafiki yangu alipotakiwa kuonesha mtaala wa somo alilosoma miaka tisa iliyopita, chuo kilikuwa kimeshalifuta. Aliyeokoa jahazi ni mhadhiri mstaafu aliyekuwa na nakala kwenye sanduku gereji kwake, chini ya matairi.